Pingamizi Dhidi ya Dakika Kumi na Nne

Kwa Mkurugenzi wa Makumbusho,
Jengo Kuu, Ghorofa ya Pili.

YAH: OMBI LA MKE WANGU LA KUJITOLEA KATIKA UKUMBI WA MITAMBO, NA SABABU ZA KULIKATAA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa kuwa ni ndefu, na malalamiko yaliyomo si ya kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha lugha kwa miaka thelathini na minane, na katika muda huo niliandika barua za malalamiko kumi na moja: saba kuhusu madawati, tatu kuhusu paa, na moja kuhusu kengele ya shule iliyokuwa ikigongwa na mtu asiyekuwa na saa. Zote zilijibiwa, isipokuwa za madawati na za paa. Sijawahi kuandika barua dhidi ya mtu wa nyumbani kwangu. Leo naandika dhidi ya mke wangu, ambaye nimeishi naye kwa amani miaka arobaini na mmoja, na ninaandika kwa heshima zote, yeye akiwa chumba cha pili anacheka peke yake na simu.

Pengine humjui kwa jina, lakini unamjua. Ni yule mama mwenye hedifoni kubwa kama visosi viwili, anazozivaa juu ya kilemba. Huingia kwenu kila siku saa kumi kamili alasiri na hutoka kabla ya saa kumi na robo. Watumishi wako wanamwita Bibi Chaji, kwa sababu hata kabla ya kusalimia huuliza tundu la umeme liko wapi. Jina hilo nililijulia dukani, mlinzi wako wa mlangoni aliponisimamisha mbele ya watu: "Shikamoo, mzee. Wewe si ndiye mume wa Bibi Chaji?" Nimefundisha watu ambao leo wanakalia ofisi kubwa kubwa. Sasa nimekuwa mume wa chaja.

Ijumaa ijayo kamati yako itakaa kujadili ombi lake la kujitolea katika Ukumbi wa Mitambo, Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Naomba ombi hilo likataliwe. Sababu zangu nimezipanga kwa namba ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

1. Kuhusu ufupi wa ziara zake.

Makumbusho yenu yana utaratibu wa kadi ya njano. Mtu anayeingia kwa shughuli isiyozidi robo saa huvishwa kadi hiyo shingoni, hakati tiketi, na akitoka huirudisha. Utaratibu huo, kama nilivyousoma kwa makini ukutani, uliwekwa kwa ajili ya mleta barua, muuliza njia na mwenye haja ya maliwato. Mke wangu si mleta barua. Njia anaijua. Hilo la tatu nilimuuliza, akanitazama kwa namna iliyonifanya nisirudie swali.

Hata hivyo, amevaa kadi ya njano mara sitini na tatu. Nimepiga hesabu. Mara sitini na tatu kwa dakika kumi na nne ni saa kumi na nne na dakika arobaini na mbili. Mtu mwenye adabu zake angezimaliza saa hizo kwa siku mbili na nusu, akiwa na chupa ya maji na daftari, akasoma kila kibao tangu mwanzo hadi mwisho, akarudi nyumbani amechoka kama inavyompasa mtu aliyeelimika. Yeye hutazama kitu kimoja tu kwa siku. Kimoja! Ana orodha ndani ya simu, na saa inayohesabu kwa kurudi nyuma, na ikilia hutoka hata kama sentensi ya kibao ameifikisha katikati. Sentensi, Ndugu Mkurugenzi! Kiima ameshakisoma, kiarifu anakiacha mpaka kesho.

Nilimwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamwambia elimu ni bahari. Akasema, "Ndiyo maana mimi nachota kwa kikombe, Mwalimu. Wewe uliingia mzima mzima, mpaka leo hujakauka."

2. Kuhusu furaha anayorudi nayo nyumbani.

Saa kumi na nusu huwa nimeketi mezani, chai imemiminwa. Mlango unafunguliwa. Kabla hajavua viatu ameshaanza.

"Mwalimu, leo nimeonana na babu wa kompyuta!"

Babu huyo ni kitanda cha mfumaji, kile kilichoko ghorofa ya kwanza karibu na dirisha. Alinieleza, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kimoja mkononi, kwamba uzi ama unapita juu ama unapita chini, hakuna njia ya tatu, na kwamba simu yake haina akili zaidi ya hiyo: juu au chini, ndiyo au hapana, mara nyingi na kwa kasi. Tangu siku hiyo nalitazama shati langu kwa mashaka.

Baya zaidi ni kwamba kila alichokiona lazima akipitishe katika tamthilia yake. Inaitwa *Wakazi wa Mwezi wa Pili*, ina vipindi mia moja na kumi na viwili, na ndani yake kuna roboti mwenye mguu mmoja, jina lake Bawaba, anayewaokoa watu ambao kwa maoni yangu wangejiokoa wenyewe kama wangesoma maelekezo. Mke wangu ameitazama yote mara mbili. Ana fulana ya Bawaba. Ana kikombe cha Bawaba. Mlio wa simu yake ni Bawaba akikohoa. Kwa hiyo siku aliyokwenda kutazama kile kigoda chenu chenye miguu mitatu, alirudi akipiga makofi.

"Fundi wa kigoda amewashinda wote! Miguu mitatu haiyumbi, hata sakafu iwe mbovu namna gani. Bawaba wangempa mitatu, asingeanguka kile kipindi cha arobaini!"

Nilikwenda jikoni kutafuta hoja ya kumpinga. Stuli yetu ina miguu minne. Inayumba. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiikunjia karatasi chini ya mguu mmoja. Nilirudi mezani nikanywa chai, naye kwa ustaarabu wake hakuniuliza nilikuwa nafanya nini jikoni.

3. Kuhusu nyumba yangu kufanywa tawi lenu bila idhini.

Alipokwisha kuwatembelea kama mara thelathini hivi, alinunua mashine ndogo ya kuchapa vibandiko. Siku hizi kila kitu nyumbani kina kibandiko kama vya kwenu, chenye maneno machache na mraba wenye madoadoa kama bawa la kanga. Ukiuelekezea simu mraba huo, unasikia sauti ya mke wangu akieleza. Redio: "Bado inasema, hasa ikipigwa kofi." Pasi: "Iliunguza suruali ya harusi. Haijaomba msamaha." Kabati la vitabu: "Mali ya Mwalimu. Vimepangwa kwa utaratibu ambao amekataa kuueleza."

Hayo niliyavumilia. Lakini wiki mbili zilizopita nilikwenda kliniki ya macho. Niliketi kwenye foleni, nikaona watu wananitazama kifuani na kuinamisha vichwa. Muuguzi akaja na faili, akasoma, akaziba mdomo kwa faili lile lile. Nikatazama chini. Juu ya mfuko wa shati langu palikuwa pamebandikwa: "MUME. Mti mgumu. Kinatumika kila siku. Tafadhali usiguse kabla ya chai."

"Samahani, baba, naruhusiwa?" akauliza muuguzi, na kabla sijajibu akanielekezea simu. Sauti ya mke wangu ikajaa kliniki nzima: "Huyu ni Mwalimu. Ukimkuta amepotea, mpe kiti na kitu cha kusahihisha. Nakuja." Foleni ilicheka hadi daktari akatoka nje kuuliza nani kaumia. Mzee mmoja mwenye bandeji jicho moja alinisogelea akataka kujua vibandiko vile vinapatikana wapi, kwa sababu yeye, alisema, katika ndoa yake hajawahi kuandikiwa hata neno moja.

Kama kibandiko hicho bado kipo kwenye shati, ni kwa sababu gundi yake ni kali. Nataka hilo lieleweke.

4. Kuhusu wafuasi.

Sasa ana watu. Saa kumi kasoro dakika tano hukusanyika mlangoni kwenu: mfagiaji wenu wa zamu ya jioni, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akiwa na futi yake shingoni, na mama muuza magazeti, ambaye huiacha meza yake ichungwe na upepo. Mfagiaji ana sare yake. Wengine hupewa kadi ya njano kila mmoja. Mke wangu hutangulia. "Twendeni, wanangu, tuna dakika kumi na tatu na nusu! Mwenye swali aulize akitembea!" Fundi cherehani ndiye mwenye maswali, na kwa kuwa ana kitambi, maswali yake huja nusu nusu.

Jumatano huwapeleka kwenye ubao wa kuunganishia simu. Hapa lazima niseme kwamba mke wangu alikuwa mpokezi wa simu katika kituo cha simu kwa miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa kuchomeka nyaya na kusema "subiri nikuunganishe", na sauti yake ilijulikana na watu ambao hawakuwahi kumwona. Kituo kilifungwa mashine mpya zilipokuja. Wenzake walizilaani mashine hizo. Yeye aliomba aonyeshwe zinavyofanya kazi, na tangu siku hiyo hajaacha kuomba.

Ubao mlio nao ni ndugu wa ule wake. Huvuka kamba nyekundu, akaketi, akazichomeka nyaya ambazo haziendi popote, na wafuasi wake huomba kuunganishwa. Wiki iliyopita fundi cherehani aliomba Mwezi wa Pili.

"Mwezi wa Pili, mna simu yenu," alisema mke wangu kwa sauti ile ya kazini. "Ongea taratibu, baba, laini ni ya mbali."

Fundi akaomba vipimo vya Bawaba ili amshonee suruali ya mguu mmoja. Akataka kujua anapenda pindo au hapendi. Mke wangu akasikiliza, akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akasema, "Anasema pindo apendalo ni la chuma." Mfagiaji alicheka hadi akaikalia ndoo yake, na ndoo ilikuwa na maji.

Kisha mama muuza magazeti akaomba aunganishwe na mama yake, ambaye ni marehemu.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alichagua waya, akauchomeka polepole, akasikiliza kwa muda. "Yupo," akasema. "Anasema ongea tu, anakusikia." Ilikuwa dakika ya kumi na mbili. Mbili zilizobaki alipewa yeye zote.

Je, hilo ni jambo la kufanyika katika makumbusho? Nauliza kwa sababu sijui. Na nimeyajuaje haya? Nilikuwepo, kama ifuatavyo.

5. Kuhusu yaliyonipata mimi mwenyewe mikononi mwenu.

Nilikwenda Jumatano hiyo kukusanya ushahidi. Nakiri kosa moja: mlinzi aliponiuliza shughuli yangu, nilisema nimeleta barua. Sikuwa na barua. Hii unayoisoma ndiyo ile, imechelewa tu.

Nilijificha nyuma ya mtambo wa kuchapia magazeti, nikayaona niliyoyaeleza hapo juu. Baada ya simu ya mama muuza magazeti nilihitaji kukaa. Ilikuwa ni goti. Chumba cha jirani kilikuwa na kiti, nikakikalia. Ni kile mnachokiita Darasa la Zamani: madawati sita, ramani, ubao, meza ya mwalimu na kiti chake. Hapakuwa na kamba wala onyo, na hilo ni kosa lenu. Ubaoni palikuwa pameandikwa "Leo ni Jumatatu." Ilikuwa Jumatano. Nilivumilia kwa muda ambao nadhani ulikuwa sekunde nne. Nikainuka, nikafuta, nikaandika siku sahihi kwa hati ya kuunganisha, nikaketi tena, nikafumba macho kupumzisha goti.

Hapo wakaingia wanafunzi wapatao thelathini, ambao basi lao lilikuwa limeharibikia njiani.

"Anapumua!" alisema mmoja.

"Ni roboti huyo," akajibu mwenzake kwa uhakika wa mtaalamu. "Ona shingo inavyozunguka pole pole. Betri inaisha."

"Mguse basi."

"Usimguse! Huoni kilichoandikwa hapo? Mpaka anywe chai."

"Roboti anakunywa chai?"

"Wa zamani walikuwa wanakunywa."

Mwalimu wao, binti mwenye miwani mipana, alikisoma kibandiko cha kwenye shati langu kwa makini, akaandika kitu katika daftari.

Nikasema, "Simameni wima." Sikupanga kusema, ilinitoka kama chafya. Wakasimama wote thelathini, na mwalimu wao, na mlinzi wako aliyekuwa akipita na funguo.

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, mtu akishawasimamisha watu thelathini na wawili hawezi kuwaambia waketi hivi hivi bila kuwapa kitu. Nikawafundisha namna ya kuandika barua ya kuomba jambo: anwani, salamu, kiini, shukrani. Nikamwita mbele yule mtaalamu wa betri. Aliandika barua ya kuwaomba watengenezaji wa tamthilia wamrudishe Bawaba msimu ujao, kwani, kumbe, kipindi cha mwisho aliachwa juu ya mwamba peke yake. Kiini chake kilikuwa kizuri kuliko cha barua nyingi nilizopokea kwa watu wazima. Nikajikuta nauliza darasa: ni nani aliyemwacha, na kwa nini? Mikono kumi na minane ilinyooshwa. Nilisikiliza hoja zote. Wawili walitofautiana hadi nikalazimika kuchora miezi ubaoni, wa kwanza na wa pili, na chombo, na mwamba.

Sikujua saa. Mlinzi aliporudi kusema kadi yangu ya njano imepitiliza kwa dakika thelathini na moja, darasa zima lilimpigia kelele: "Msimzime! Msimzime!"

Mke wangu alikuwa mlangoni, hedifoni zikiwa shingoni. Mfagiaji aliniambia baadaye kwamba alisimama pale muda wote. Kwa mara ya kwanza katika ziara zake zote, saa yake ililia naye hakutoka. Nilitarajia atacheka, nilikuwa nimekwisha kujiandaa kwa kicheko chake, na jibu nilikuwa nalo. Hakucheka. Aliushika mkono wangu wenye chaki, hadharani, mbele ya watumishi wako, na hakuuachia mpaka nyumbani. Nawasilisha tendo hilo kama lalamiko.

6. Kuhusu chai.

Hii ndiyo sababu niliyokusudia iwe ya kwanza, nikaiogopa.

Kituo cha simu kilipofungwa, na mimi nilipostaafu, nyumba yetu ilikaa kimya kwa muda mrefu. Hatukugombana. Tulikunywa chai kama watu wawili wanaosubiri kuitwa na daktari, kila mmoja na namba yake. "Sukari?" "Imetosha." Siku ikaisha. Ndipo alipoanza kwenda kwenu, na sasa chai inapoa kwa sababu ya maneno. Kwa dakika kumi na nne anazowapa ninyi, mimi hupata nusu saa nzima, na siku ya babu wa kompyuta nilipata saa moja na robo.

Mkimpokea, atakuwa kwenu kutwa. Habari ya kitanda cha mfumaji atawapa wageni. Ya kigoda atawapa wageni. Atarudi jioni sauti imekauka, yote ameshayasema kwa watu wengine, na mimi nitapewa makombo: "Leo ilikuwa salama." Hilo ndilo ninaloliogopa. Zile habari ni zangu. Mimi ndiye wa kwanza kuzisikia, hata kabla ya viatu.

Kwa sababu hizo sita, naomba yafuatayo:

(a) Ombi la mke wangu likataliwe, kwa maneno ya upole, na pasitajwe kwamba mimi niliandika.

(b) Kadi ya njano ifutwe. Au apewe mleta barua peke yake, na barua yenyewe ionekane.

(c) Hilo likishindikana, makumbusho yafungwe kila siku kuanzia saa kumi hadi saa kumi na robo alasiri, kwa ajili ya usafi, au ukaguzi, au sababu yoyote mtakayoona ina heshima.

(d) Na hilo pia likishindikana, ule ubao wa simu uhamishiwe nyumbani kwangu, pamoja na wafuasi. Nimepima. Utaingia sebuleni mlango ukiondolewa, na mlango niko tayari kuuondoa. Fundi cherehani atakaa karibu na dirisha kwa sababu ya pumzi. Gari likiwa na nafasi, mlete na kile kigoda.

Nakuomba unisalimie mlinzi wa mlangoni, ambaye shikamoo yake haina dosari. Mfagiaji, na natumaini sare imekauka. Fundi cherehani, ambaye si mtumishi wako lakini utamkuta. Na mama muuza magazeti, kwa upole. Ukipata njia, wasalimie wale watoto thelathini na mwalimu wao, na yule mtaalamu wa betri mwambie kwamba neno "tafadhali" lilikuwa mahali pake. Aliyeandika "Leo ni Jumatatu" namsalimia pia, asirudie.

Ni mimi, mwenye nidhamu na masikitiko,

Mwalimu Mstaafu
(Mume wa Mwombaji)

Tanbihi: Barua hii niliitia katika bahasha, nikaifunga, nikampa mke wangu ailete, kwa kuwa ndiye anayekuja huko kila siku na sikuona haja ya kusumbua posta. Aliipima mkononi. "Bahasha nene hivi," akasema, "na wewe tangu asubuhi hujalalamika hata mkate." Akaifungua mbele yangu. Sikumzuia, nilimfundisha kila mtu kwamba barua ni ya anayehusika.

Alicheka mpaka namba tatu. Ya nne aliisoma pole pole. Ya sita aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Mwalimu," akasema, "kwani unadhani natoka mle mbio kwa sababu ya kadi? Yule mlinzi angeniacha hata nilale humo. Natoka mbio kwa sababu nikishaona kitu kizuri sina raha mpaka nikwambie wewe." Nikammiminia chai katika kikombe kilichokuwa tayari kimejaa.

Kisha alivuta droo akatoa karatasi. Ni fomu yenu ya kujitolea, ya pili, kwa ajili ya Darasa la Zamani. Imejazwa kwa mwandiko wake, ina jina langu, siku ni zile zile zake na saa ni zile zile. Tarehe yake ni ya wiki tatu kabla sijapita mlango wenu. Alikuwa akitafuta namna ya kuniambia.

Kwa hiyo naomba sababu namba moja hadi sita zisomwe kama zilivyo, kisha zisifuatwe. Maombi (a) hadi (d) nayafuta. Kadi ya njano ibaki.

Fomu nimeiambatisha. Mahali panapouliza kwa nini mwombaji apokelewe, mke wangu ameandika: "Ana mengi ya kusema, na nyumbani msikilizaji ni mmoja tu." Nimeisoma sentensi hiyo mara nne nikitafuta kosa. Sikuliona. Nimetia saini chini yake.